Mtoto Wetu Yuko Ng'ambo ya Mto

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakuamkia wewe na wote wa hapo kijijini Tulia. Kifua chako kimepoa? Na mvua je, ilifika, au mbaazi zilikauka tena zikiwa na maua? Sisi tunapumua. Siwezi kusema tu wazima, kwa maana yule mtoto tuliyekuwa tunamtarajia alizaliwa, msichana, na alikufa kabla ya siku ya nne. Pole mama kupata habari hii kwa karatasi. Nina ombi kwako juu yake, lakini wacha nieleze kwanza.

Hospitalini wauguzi waliuliza jina siku ile ile. Mke wangu Mbithe akawaambia kwamba kwetu wanawake wa nyumbani ndio humwita mtoto, siku ya nne, na hapo ndipo anakuwa mtu kamili. Walicheka, si kwa ubaya. Tulijua ataitwa Mwikali, jina lako, ila hatukulitamka. Tulitaka Mbithe amshike siku hiyo amwite kwa niaba yako. Siku haikufika. Kibao walichoweka kaburini kina jina langu tu.

Mji huu ninaosomea umekatwa na mto Ural. Upande tunaolala unaitwa Ulaya, na ng'ambo, ukivuka daraja tu, ni Asia. Makaburi yako ng'ambo. Udongo ulikuwa umeganda kwa baridi, wakauwashia moto kwanza ndipo wakachimba. Tangu siku hiyo Mbithe hali vizuri. Aliniuliza, "Kwa nini wamempeleka bara ingine? Sisi tulale Ulaya, mtoto alale Asia peke yake?"

Jirani yetu Mama Galina, mzee aliyekuwa mwalimu wa jiografia, alimsikia akilia akaja na chai. Akatuambia mpaka ule haukuchorwa na Mungu. Watu walikaa wakaamua upite wapi, tena zamani waliuweka kwenye mto mwingine, magharibi kabisa. Wengine mpaka leo wanasema Ulaya na Asia ni bara moja. Nikaukumbuka mto wetu Tiva, unaobaki mchanga mtupu kiangazi. Nikamwambia Mbithe kwamba kama mto unatosha kukata bara, basi mbuzi wa mahari yake walitoka bara moja hadi lingine kiangazi bila kulowa kwato. Alicheka kidogo, halafu akalia tena.

Nilimuuliza yule mzee ni nani aliyeyapa mabara majina. Akasema ni watu waliokuwa wakiyatazama kwa mbali, wenyeji hawakuulizwa, hata sisi wa Afrika. Kisha akafungua ramani akamshika Mbithe kidole, akakipitisha polepole kutoka pale mtoto alipolala hadi kwetu. Ni nchi kavu njia yote, isipokuwa mfereji wa Misri, nao ulichimbwa na watu. Mbithe alirudia njia ile peke yake, mara nyingi.

Sasa ombi langu. Mwanangu sitaki aitwe na watu wa mbali. Nakuomba jina lako, mama. Najua wazee watasema jina la mtu aliye hai lisiwekwe juu ya kaburi, na labda wewe pia utaogopa. Ukikataa sitakasirika, nitaumia tu. Ukikubali, waite wanawake mnaosali nao, msimame uani mumwite kwa sauti, kisha uniandikie. Fundi atabadilisha kibao.

Msalimie baba, mwambie masomo ya mabwawa yanaendelea. Msalimie dada Kavata huko sokoni, asiwaambie wateja kabla mama yake Mbithe hajajua. Nenda wewe mwenyewe ukamwambie, tafadhali, mimi nimeshindwa kumwandikia.

Ni mimi mwanao, Kyalo. Wewe wanakuita Mama Kyalo. Mimi nangoja kujua kama nitaitwa Baba Mwikali.