Nguzo Zilizochorwa kwenye Pazia

Tabora,
mwanzoni mwa Rajabu.

Kwa mdogo wangu Kondo, uliyeko Sofu, Kibaha.

Najua hujaketi vizuri na umeshasema "shikamoo, kaka," kwa kuwa wewe huiamkia hata karatasi. Marahaba, mdogo wangu. Goti lako linaendeleaje? Na nguruwe wa porini, wamekuachia muhogo kidogo mwaka huu, au wewe unalima na wao wanavuna? Mama Zena hajambo? Nijibu hayo moyoni mwako kwanza, kisha uendelee kusoma.

Utaona nimeandika kwa herufi za Kiarabu. Tangu uhamie Sofu nimekuandikia kwa herufi za shuleni, nawe ukawa huna budi kumtafuta mtu akusomee. Safari hii nataka usome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Mkono umezisahau herufi hizi na mistari inapanda na kushuka. Univumilie.

Mimi si mzima. Miguu imejaa maji, na nikitembea kutoka kitandani hadi mlangoni napumua kama mtu aliyepanda mlima. Daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, halafu akaanza kuniuliza habari za watoto wangu. Nilifundisha miaka mingi, Kondo. Namjua mtu anayebadilisha mazungumzo. Shemeji yako Nyamizi ananipikia uji wa uwele na kutia asali, ananiegemeza kwenye mito, na asubuhi ananiwekea ubao mapajani niandike kabla jua halijawa kali. Leo ni siku ya nne naandika.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Unamkumbuka Maganga, kaka yake Nyamizi, yule niliyekusimulia kwamba hajui kusema taratibu. Yeye ni shemeji yangu, lakini zaidi ya hapo ni mtani wangu, maana Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana hakuna heshima tena. Alikuja kunitazama mwezi uliopita. Hata kiti hajakivuta, akasema:

"Mzaramo! Bado upo? Mimi nimeshafua kanzu ya mazishi."

"Ivae shambani," nikamwambia. "Sikupi nafasi."

"Utanipa tu. Siku hiyo nitalala ndani ya kaburi lako, sitoki mpaka niletewe jogoo. Na watu wakishakusanyika nitawaambia yote. Nitawaambia mwalimu wenu huyu alipiga picha mbele ya shuka akasema ni jumba."

Nyamizi alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Nami nilicheka. Lakini ule uji sikuumaliza. Wewe unaijua desturi yetu: maneno ya mtani kaburini hayajibiwi wala hayakasirikiwi, na watu huyachukua wakaenda nayo. Nikaona kwamba jambo hili litatoka kwa vyovyote, na kwamba ni aibu litoke kwa kicheko cha Maganga wakati mimi nimelala sina ulimi. Nilimwita karibu nikamweleza yaliyobaki, ambayo alikuwa hayajui. Akavuta kiti, akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe dada yake, nilimsikia Maganga akisema taratibu. "Shemeji, mimi nilidhani ni mzaha tu. Hili liandike mwenyewe."

Basi naandika.

Unaikumbuka siku baba alipotupeleka Dar es Salaam kuyaona majengo ya Mdachi, sisi tungali watoto. Nilisimama mbali, shingo imevunjika nyuma, nikitazama matao na paa na roshani za mbao, mpaka macho yakatoka machozi. Wewe ulikwenda moja kwa moja ukaupapasa ukuta kwa kiganja, ukaugonga, ukaweka sikio. Askari akakufukuza. Baba alisema njiani, "Mmoja atakuwa bwana, mwingine atakuwa fundi." Nilifurahi sana kuwa bwana.

Nilipoletwa Tabora kufundisha, nilikuta shule ya udongo na nyasi, yenye mchwa kuliko wanafunzi. Sikukuandikia hivyo. Ilipofika Idi ya kwanza, Maganga akanichukua kwa mpiga picha wa Kihindi aliyekuwa karibu na stesheni. Ndani alikuwa na pazia kubwa la turubai lililochorwa jumba: ngazi pana, nguzo sita nyeupe nyembamba kama miwa, kuba juu yake, na anga lenye mawingu. Tulipewa koti la kuazima. Lilikuwa moja, tukalivaa kwa zamu. Mpiga picha akanigeuza bega, akaniinua kidevu, akanitia fimbo mkononi.

Picha ilipotoka sikuamini. Kwa macho tu, ukiwa pale chumbani, pazia lilikuwa na viraka na panya walikuwa wamelitoboa. Kwenye picha, jumba lilikuwa jumba. Kivuli kilikuwa mahali pake, nguzo zilikuwa zimesimama tangu enzi za kale, na mimi nilikuwa mtu wa kuzishuka ngazi zile kila siku. Niliitazama siku mbili. Siku ya tatu nikaandika nyuma yake, "Hapa ndipo ninapofundisha," nikaitia kwenye posta, nikabaki na nakala ya pili.

Kama ingeishia hapo, ningekufa na dhambi ndogo ya ujana. Lakini mwaka ule ule wazee wa kijijini kwetu Msimbu walikuwa wamekubaliana kuubomoa msikiti wa miti na udongo, kujenga wa matofali ya kuchoma, na wewe ndiye mwashi wao. Baba aliipeleka picha msikitini. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ilizunguka mikononi mwa watu mpaka ikalainika, na kwamba wote walisema, "Baraza letu liwe hivi. Kwa nini mtoto wetu asimame kwenye nguzo kule, na sisi tumwabudu Mungu kwenye vijiti?" Ndipo ukaniuliza yale maneno. Barua yako ninayo hapa, nainakili:

"Kaka, nakuomba usimame kando ya nguzo moja, uipime unene kwa shubiri na urefu kwa dhiraa, na uulize ndani mna nini. Nikiziangalia naziona nyembamba na dari ni zito. Macho yangu hayakubali. Labda ndani mna chuma."

Ungekuwa mtu mwingine, ningekuambia. Lakini kumwambia mdogo wangu kwamba nimesimama mbele ya turubai sikuweza. Nilikaa kwenye meza yangu ya ualimu, nikaipima nakala yangu ya picha kwa rula, nikapiga hesabu kwa kuulinganisha unene wa nguzo na urefu wangu, nikakuandikia: urefu dhiraa nane, unene shubiri moja na nusu, ndani ni matofali matupu. Kisha nikaongeza maneno ambayo sijayasahau hata siku moja: "Nimezipima kwa mkono wangu. Zimesimama miaka mingi kabla yako. Au wewe unajua kuliko waliosoma?"

Ulizijenga kama nilivyosema. Ulinitii kwa sababu mimi ni kaka yako.

Watu walitoka Marui kuja kuliona baraza lile. Baba aliniandikia kwamba jua likilipiga, huwezi kusema uko Kisarawe. Lilisimama masika moja. Masika ya pili, baada ya sala ya alasiri, nguzo mbili za kati zikakatika, na dari la boriti na chokaa likashuka juu ya Mzee Shomari muadhini, aliyekuwa akitafuta viatu vyake. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena.

Watu wakasema Kondo amezidisha mchanga kwenye chokaa. Wakasema ni fundi wa vibanda aliyejitia makuu. Hakuna aliyekupa kazi tena, hata ya kuziba ufa. Ukachukua mke na mwanao, ukaenda Sofu kulima, na timazi lako la kunyooshea kuta ukalitundika. Na barua uliyoniandikia baada ya siku ile ilikuwa na mistari michache: "Kaka, baraza limeanguka. Mzee Shomari ameumia. Mimi ni mzima. Baba anakusalimu." Hukusema "kwa vipimo vyako." Wala hukumwambia mtu yeyote kijijini kwamba vipimo vilitoka kwangu, uliona heri baba abaki na mtoto mmoja wa kiume mwenye jina zuri kuliko kubaki bila hata mmoja. Nami nikakujibu, "Pole, kazi ya Mungu haina makosa." Nimemsingizia Mungu, Kondo. Kosa lilikuwa la rula yangu.

Baba alifariki akiamini wewe ulichanganya mchanga. Kwa hilo sina dawa, na sitajifanya ninayo. Nitamweleza mwenyewe, nikimkuta.

Sasa usikasirike kwa hili linalofuata. Nilijua nikikuandikia wewe kwanza utanikataza. Ungesema, "Kaka, yamepita, tulia ufe salama." Kwa hiyo nimekutangulia. Maganga alipanda treni mwenyewe, na ubishi wake wote, akipeleka barua yangu kwa imamu wa Msimbu. Nilieleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, nikatia na barua yako ya kuuliza unene, na picha. Nilimwomba imamu aisome yote mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa.

Maganga amerudi juzi, na barua yako amenirudishia. Anasema imamu aliposoma lile neno lako, "macho yangu hayakubali," watu walitazamana. Picha ikazunguka tena, safari hii wakaishika kwa ncha za vidole. Mzee mmoja akasema, "Kumbe tuliswali chini ya shuka." Mwingine akaanza kucheka, kisha akaona haya, maana ndiye aliyekuwa akisema kuliko wote habari za mchanga wako.

Mzee Shomari bado yu hai. Haoni vizuri, lakini sauti ipo. Alimwomba imamu aandike maneno yake kama yalivyo, nami nakunakilia:

"Mwambieni huyo mwalimu kwamba Kondo nilishamsamehe zamani, na kazi hiyo ilinichukua miaka saba. Sasa ananiambia nilimsamehe asiyekosa! Mimi ni mzee, sina miaka mingine saba. Basi yeye nimemsamehe leo leo, kwa mkupuo. Lakini Kondo aje. Baraza halina dari mpaka leo, tunavua viatu kwenye mvua. Mafundi wawili wamepita hapa, hakuna aliyethubutu kuzigusa nguzo zile. Aje azijenge kwa unene anaoutaka yeye, hata zikiwa kama viboko wamesimama."

Nyamizi alinisomea mara mbili. Mara ya pili nilimwambia alifungue dirisha, nikala uji bakuli zima, nikaomba na samaki. Miguu bado imejaa maji. Lakini kile kilichokuwa kimenikalia hapa kifuani, ambacho daktari hakukisikia kwa mpira wake, kimeinuka. Maganga anasema nimemharibia kazi, hana tena la kusema kaburini, na kwamba kwa hasara hiyo sasa anataka majogoo wawili. Nimemkubalia.

Nakuambia jambo moja la mwisho, kwa kuwa ungeniona mnafiki nikikuficha. Ile picha bado naipenda. Imebaki Msimbu kwa imamu, lakini nikifumba macho naiona yote. Nilikuwa kijana mzuri ndani yake, na jumba lilikuwa zuri. Wala sidhani wazee walikosea kutamani mahali pa kuswalia penye nguzo ndefu na kivuli kipana. Walitamani kitu cha haki. Aliyewadanganya si picha. Picha haikuandika yale maneno nyuma yake.

Nisalimie mama Zena, umwambie shemeji yake anamwomba radhi kwa kila siku aliyoamka Sofu badala ya nyumbani kwake. Zena na mumewe uwasalimie. Wao ukitaka waambie, usipotaka waache. Dada yetu mkubwa kule Marui umpelekee salamu kwa mdomo, kwa kuwa hapendi barua, na umsimulie wewe kabla hajasikia kisimani. Nyamizi anakusalimu sana. Maganga anasema yeye hasalimii Wazaramo, lakini amekutumia asali kopo moja, na amelifunga kwa waya mwenyewe.

Usikae kuniandikia jibu. Barua kutoka Sofu huchukua siku nyingi kunifikia, na maneno unayotaka kuniambia nayajua, kwa kuwa ulikwisha kuniambia kwa kunyamaza. Wanakungoja Ijumaa ya kwanza baada ya mpunga kuvunwa. Imamu atakuwa amekusanya vijana wa kuchanganya udongo, na chokaa imeshaanza kuchomwa. Nenda, mdogo wangu. Safari hii wakikuletea picha, igeuze chini uendelee na kazi.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea, na ambaye leo nimepumzika,

Mwinyimvua.