Aliponiita Kitinda

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili asubuhi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Lile goti bado linakusumbua? Baridi ikizidi lifunge, usijitie ubishi. Sisi tupo. Mjomba mzima, na kelele zake nzima.

Samahani nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi ni "ndiyo" na "hapana" tu, unanijua.

Kwamba saratani ya Mama imetoka kwenye titi ikafika kichwani, Mjomba alishakuambia. Dawa ya dripu ilisaidia kifuani, lakini daktari anasema haipenyi vizuri kwenye ubongo. Sasa wamempa vidonge vinavyopenya. Daktari huongea lugha ya darasani, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Alisema vitazuia kwa muda. Hakusema vitaponya. Nilimfasiria Mama hivyo hivyo, macho kwenye viatu vyangu.

Vidonge vinamchubua viganja, hawezi kushika sindano. Cherehani nimeifunika shuka, na gauni la jirani bado halina mikono. Tumbo nalo linaendesha. Dawa nyingine, ya kupunguza uvimbe kichwani, imemjaza uso. Mjomba akamtania, "Dada, mashavu hayo umeazima wapi?" Mama akamjibu, "Kwa mkeo, ndiyo maana amekonda." Tulicheka mpaka akakohoa.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Juzi mchana nilimpelekea vidonge na maji. Akanishika mkono, akaniita Kitinda. Jina lako. Watu husema nina sauti yako, nikadhani anatania.

"Kitinda, nimechoka na hivi vidonge. Nameza kwa ajili ya mtoto tu. Naogopa, mwenzangu. Usimwambie."

Nilitakiwa kusema, "Mama, ni mimi." Nikasema, "Simwambii, dada."

"Unakuja lini?"

"Nakuja."

Akameza. Jioni akaniita jina langu, akaniuliza kama nimekula, kama vile hakuna kitu.

Mama Mdogo, wiki ijayo daktari ataniuliza Mama anaendeleaje. Nikimwambia amechoka, atavisimamisha vidonge, na Mama atajua nilisikia. Nikinyamaza, ataendelea kuchubuka kwa ajili yangu. Na mimi, nikisema kweli, nataka aendelee. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Siwezi kuwa wewe mara ya pili. Yale maneno ni yako, mimi niliyapokea mlangoni tu. Njoo uyachukue. Njoo akuambie mwenyewe, na akitaka kupumzika, uniambie wewe.

Wasalimie Baba Mdogo na wale mapacha. Mjomba anasema ana utani mpya, na wewe una deni la kuucheka. Mungu akufungulie njia, na umkute Mama bado anakutambua.

Wako akupendaye,
mtoto wa dada yako,
yule asiyetakiwa kujua.