Yaya Mushiya pa kilima ya Mutoshi

Shekina weee! Acha byote, soma hii.

Yaya Mushiya, dada yangu mukubwa, eko hapa kwetu, analia tu. Leo yeye na bwana yake balienda kukamata ile motoka mupya.

Shemeji Mpoyi njo aliiwasha, akashuka kuongea na muuzaji. Akaambia bibi yake: "Tangulia na mutoto, mi nakuya na taksi-moto." Yaya akaenda polepole, kama mutu mwenye kubeba mayayi.

Kumbe funguo ilibakia mu mufuko ya shemeji! Hizi motoka za sasa, kama funguo haiko karibu, ukiizima haiwake tena.

Na yaya aliizima! Pa kilima ya Mutoshi, nyuma ya kamio kubwa za mizigo zenye kusimama, ili achunge mafuta. Kamio zikaenda. Akafinya buto ya kuwasha. Bule. Akafinya tena. Bule!

Nyuma, kamio ingine yenye kubeba shaba inashuka. Dereva anatoa kichwa inje: "Mama, toka! Frein imekufa, siwezi kusimama! Toka!"

Yaya akaruka, akakimbia mupaka mu majani. Mu majani, Shekina! Njo akakumbuka mutoto yake Tshiela analala nyuma mu motoka.

Akarudia. Kamio inakuya na yeye anarudia! Akatosha mutoto, dereva akatupa kamio mu mufereji, pembeni yabo kabisa.

Hakuna mwenye kufa. Ata motoka ni nzima. Shemeji alifika anashukuru Mungu, anamuita bibi yake shujaa.

Yeye anakatala. Anamukumbatia Tshiela, anarudilia tu: "Nilikimbia mi peke yangu. Mi peke yangu."