Mikuki ya Handaki Imechipua

Jumanne, Aprili 1955

Imetoa majani! Ile miti tuliyoichonga kama mikuki na kuichomeka ndani ya handaki linalozunguka kijiji, ili wapiganaji wa msituni wasivuke, imechipua yote.

Kosa ni letu sisi wanawake. Mianzi ilipokwisha, hedmani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alisema tukate mti wowote, na mikono yetu ikaenda kwenye mkungugu kwa mazoea tu. Huo ni mti wa kuzungushia ua wa nyumba. Ukiuchomeka ardhini, unashika.

Sasa handaki la serikali ni bustani. Kishonanguo kimejaa chini, mimea ya kutambaa imepanda mikuki, na mbuzi wanashuka humo kula asubuhi na jioni.

Leo Bwana DO, ofisa Mzungu wa wilaya, alisimama ukingoni, uso mwekundu. "Nani amelima shamba hapa?"

Nilijua tunapelekwa kizuizini sote. Hedmani akapiga saluti. "Afande, hata miti imeikubali serikali."

Homgadi mmoja, mlinzi wa serikali hapa kijijini, alikohoa ili asicheke. Bwana DO hakucheka. Akaamuru tung'oe yote, tuchome.

Tuling'oa hadi jua likazama. Miti mibichi haikushika moto, moshi tu. Ndipo mama mkwe akaninong'oneza, "Mwanangu, si ua wetu ulichomwa pamoja na nyumba walipotuhamishia kijiji hiki? Funga michache kwenye kuni zako."

Nikafunga. Kwenye lango la kijiji homgadi alitazama mzigo wangu, akatazama pembeni.

Shamba letu sijui tutarudishiwa lini, au kama tutarudishiwa. Lakini ua ninao. Umelala chini ya kitanda, na kwa unyevu wa sakafu hii, naogopa utachipua kabla yetu.