Machozi ya Pua Moja

Bi. Zeituni, pole kwa kukusumbua, mimi nasoma ukurasa wako kila Jumatano hata kama gazeti limeshafungiwa dagaa wa omena, na sikufikiria siku moja nitakuandikia, lakini yamenifika hapa, na hapa Manyatta hakuna mtu wa kumwambia ambaye hatayafikisha mtaa wa Kondele kabla chai yake haijapoa.

Niite Adero. Nimeolewa kwa watu wa Usenge miaka tisa sasa, na miaka hiyo yote mama mkwe hajawahi kuniita jina zuri, na kosa langu ni moja tu, macho yangu ni makavu. Mimi silii, Bi. Zeituni, uchungu nasikia kama watu wengine, lakini maji hayatoki, tangu nikiwa msichana. Sasa baba mkwe alipofariki, mzee ambaye ni mimi nilimnywesha uji kwa kijiko miezi saba, nilisimama kando ya jeneza nikajifinya paja mpaka likavilia damu, nikajipaka kitunguu, wapi! Na hapo kando yangu mke wa shemeji, nitamwita Dorca, anajitupa chini, anabingirika, leso inaenda kule, kiatu kinaenda huku, mpaka wanaume wanne wanamshika. Mama mkwe akasema mbele ya watu wote, "Huyu mwingine alikuja kula wali." Tangu siku hiyo kila matanga mimi ni wa kusugua sufuria nyuma ya nyumba.

Basi mwezi uliopita nilitoka saluni, nimesukwa kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, nikaita boda, mwenye boda akaninyooshea helmeti nikamwambia, "Bwana, unaona hii kichwa? Nimeikalia masaa sita, wewe unataka kuivunja na hiyo sufuria yako?" Akacheka, tukaenda, na kabla hatujafika mbali tukaingia shimo nikatua kwa uso. Nywele hazikutoka hata uzi mmoja! Lakini macho yote mawili yaligeuka meusi, majirani wakawa wanamwangalia mume wangu Laban vibaya wiki nzima, maskini ya Mungu, hajawahi kuninyooshea hata kidole.

Uvimbe ukaisha, halafu ikaanza pua. Pua ya kushoto peke yake. Nikiinama kuchambua omena, tone, tone, tone, maji meupe kabisa kama ya mfereji, yakifika mdomoni yana chumvi, na kitambaa cha kupangusia kikikauka kinabaki laini, hakikakamai kama cha mafua. Laban anasema ni mafua. Sawa, mafua.

Sasa sikia vizuri. Shangazi ya mama mkwe akafariki, nikapanga foleni ya kumwangalia, kitambaa cha kichwa nimekishusha mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya aibu yangu ya siku zote, nikainama kwenye kile kioo cha jeneza, na pua ikafunguka. Tone, tone, tone juu ya kioo! Mama mkwe akapiga yowe, "Yawa! Adero analia! Mwacheni nyathina alie!" Nyathina, Bi. Zeituni. Mtoto wangu. Miaka tisa nimengoja hilo neno, na siku lilipokuja nikashindwa kusema ni pua.

Tangu hapo nimezika watu watatu, na kila mahali sifa ni zangu. Mama mkwe amenipa leso mpya, nakaa kiti cha mbele, sufuria anasugua Dorca. Lakini Dorca ni mjanja, juzi alinisogelea akaniuliza, "Machozi gani haya yanatoka upande mmoja?" na tangu siku hiyo ananichunguza kama askari.

Jumamosi hii tunazika kaka mkubwa wa mama mkwe, matanga makubwa, hema tatu, na mimi nimewekwa wa kwanza kati ya wake wote wa boma. Swali langu ni hili: nikienda hospitali sasa wakaniziba hiyo pua, Jumamosi nitalia na nini? Naweza kungoja mpaka Jumatatu? Na Dorca nimjibu nini?

Nimesahau, nikisimama kichwa kinaniuma sana, nikilala kinaacha, na tangu jana shingo ni ngumu kidogo, labda nimelala vibaya.

Adero, Manyatta

*

Adero, wewe mwanamke wewe! Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, na unisamehe kicheko hicho, maana hakikufika mbali. Barua yako nilikuwa namsomea Ruqayya, mtoto wa kaka yangu, ambaye ni nesi. Nilipofika kwenye kitambaa kisichokakamaa aliweka kikombe chini. Nilipofika kwenye shingo alisimama.

"Shangazi, huyu mtu yuko wapi saa hii?"

"Kwani ana nini?"

"Hayo si mafua. Hayo ni maji ya ubongo."

Subhanallah! Umesikia? Umekuwa ukidondosha maji ya ubongo wako juu ya majeneza ya watu, na watu wanakupa leso.

Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa. Ubongo wako, na unao, ingawa kwa habari ya helmeti ulinitia wasiwasi, haujakaa mkavu ndani ya fuvu. Umefunikwa na ngozi tatu. Ya nje ni ngumu kama turubai, ya kati ni nyepesi kama utando wa buibui, na ya ndani imeung'ang'ania ubongo wenyewe kama ile ngozi nyembamba ya yai la kuchemsha. Katikati ya ubongo kuna vyumba vinne, na humo ndimo maji hayo yanatengenezwa usiku na mchana, karibu nusu lita kwa siku, pakiti nzima ya maziwa. Yakitoka vyumbani yanazunguka kati ya ngozi ya kati na ya ndani, kisha damu inayanyonya na mengine yanaingia. Ubongo unaelea humo, ndiyo maana unaweza kukimbilia basi usijigonge kwa ndani. Ulipotua kwa uso, inaelekea mfupa mwembamba ulio juu ya pua ulipata ufa na zile ngozi zikachanika. Sasa maji yanateremka puani. Ukisimama yanapungua, ubongo unakosa pa kuegemea, kichwa kinauma. Ukiinama yanamwagika, na mama mkwe anafurahi.

Lakini tundu linalotoa maji ndilo linaloingiza vijidudu, na pua, dada yangu, si mahali pasafi. Vikipanda huko juu ni homa ya uti wa mgongo, na hiyo haitakungoja mpaka Jumatatu. Kuhusu Dorca umeniandikia mistari mingapi? Kuhusu shingo yako umeniandikia nusu, tena mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuagiza chumvi. Hiyo shingo ndiyo barua yako. Mengine yote ni porojo.

Kwa hiyo, ukishika gazeti hili, inuka. Usimalize kuchambua omena. Nenda hospitali kubwa leo, si kwa duka la dawa, na usiseme una mafua. Sema, "Nilianguka kwa boda nikagonga uso, pua moja inatoa maji, na shingo imekaza." Maji hayo wanayapima, na kichwa wanakipiga picha. Wengine hupona kwa kulazwa tu kichwa kimeinuliwa, wengine hutengenezwa kwa kupitia humo humo puani, kwa hiyo nywele zako, kama bado unazihesabu, huenda zikasalimika. Njiani usipenge kamasi, usizibe pua kwa pamba, usiiname. Homa ikianza, au ukitapika, au mwanga ukaumiza macho, basi Laban akubebe mbio na asiombe ruhusa kwa mama yake.

Na Jumamosi usiende. Unaniuliza utalia na nini? Adero, ulimnywesha mzee wa watu uji kwa kijiko miezi saba, ulipomlilia ni hapo. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili, na macho yangu, ambayo si makavu, yaliniaibisha mbele ya Ruqayya.

Nambari ya simu uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga tangu jana, haipatikani. Ndiyo maana barua yako imeruka foleni ya wengine wote, nao wanisamehe. Na wewe uliyeitwa Dorca humu, unajijua. Katika boma zima ni wewe peke yako uliyeona, sasa acha kuchunguza, mshike mkono umpeleke hospitali. Sufuria zitasuguliwa na mwingine.

Nawe mama mkwe, najua utasomewa hii kabla jua halijatua Usenge. Haya, yalikuwa maji ya pua, umedanganywa, kasirika kidogo ukitaka. Ukimaliza, panda gari uje mjini. Kama lile neno nyathina ulilisema kwa moyo, kamwambie tena wodini, angali anasikia.