Nyota Niliyompa Mama Espé

Alhamisi, Agosti 2021. Mount Druitt.

Baridi kavu leo, na upepo unagonga dirisha la chumba changu tangu asubuhi. Helikopta ya polisi imepita mara mbili. Nimechoka, ingawa sijafanya kazi ya kumchosha mtu. Nimekaa tu kwenye kiti kilekile ninachokalia nikisoma, nikila na nikitazama barabara isiyo na watu.

Sijaandika hapa tangu Jumapili. Nilifanya jambo la aibu, na nilitaka kwanza nijue litaishaje. Hata sasa sijui vizuri. Naandika hivyohivyo.

Wanaosoma blogu hii wanalijua darasa langu dogo. Kwa mgeni nieleze: ni mama sita wa kanisa letu, wote Wakongo. Kwao walisoma kwa Kifaransa, na hapa walikuwa wakijifunza Kiingereza kila Jumamosi ukumbini. Ukumbi ulipofungwa mwezi wa sita kwa amri ya korona, Mama Espé alimpigia mama yangu simu akasema, "Mupe mutoto atufundishe. Anakaa bure na madaftari yake."

Tukafungua kundi la WhatsApp. Kila asubuhi saa moja natuma methali moja ya Kiingereza, chini yake methali ya Kifaransa inayofanana nayo, kisha kazi: andika sentensi moja kutoka maishani mwako. Nilichagua methali za shida kwa sababu wakati wenyewe ni wa shida. Nilidhani zitawatia moyo. Kila anayejibu nampa nyota ya dhahabu, ile ndogo ya kwenye simu.

Mama Espé ndiye hujibu wa kwanza. Anaishi peke yake Minto tangu binti yake ahamie Brisbane, na kiwanda cha mikate anachofanyia kazi kimempunguzia zamu. Majibu yake yanachekesha. Nilipotuma "No pain, no gain", yaani bila maumivu hakuna faida, aliandika kwamba mume wake wa kwanza alikuwa maumivu, na siku alipoondoka ndipo faida ilipoingia mlangoni. Wenzake walituma vicheko mpaka simu ikapata moto. Siku ya methali ya uvumilivu alisema amemsomesha mbuzi wake mpaka akapata diploma. Hana mbuzi. Basi nikazoea kwamba sentensi za Mama Espé ni za kubuni.

Jumatatu niliamka nimechelewa. Kundi lilikuwa limejaa ujumbe wa sauti, thelathini na kitu, tangu jioni iliyopita. Sikusikiliza hata mmoja. Mama hawa hurekodi dakika nne nzima kuhusu bei ya mihogo na mgongo unaouma, na mimi, nakiri, huwa naruka. Methali ya Jumatatu ilikuwa tayari kwenye daftari. Nikaituma.

"Every cloud has a silver lining." Kila wingu lina ukingo wa fedha. Kwa Kifaransa sikutaka tafsiri ya neno kwa neno. Mwalimu wangu wa Kifaransa anasisitiza tutafute kile ambacho watu wenyewe husema. Nikatafuta, nikapata: "À quelque chose malheur est bon." Hata msiba una kitu unachofaa. Nilifurahi kuipata. Chini yake nikaandika kazi: taja jambo jema moja lililotoka katika msiba wako.

Nilikuwa katikati ya somo la hesabu kwenye kompyuta jibu la Mama Espé lilipoingia. Aliandika kwa Kiingereza, sentensi tatu badala ya moja. Mdogo wangu amekufa jana. Ninatafuta jambo jema. Bado silioni.

Nikampa nyota.

Nilisoma kwa jicho moja, nikaona hakuna kosa hata moja, nikaandika, "Vizuri sana, Mama Espé, leo umejitahidi." Kisha nikarudi kwenye hesabu.

Mama alirudi muda mfupi baadaye. Anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Aliingia chumbani mwangu barakoa ikiwa bado usoni na simu mkononi, kundi letu likiwa wazi.

"Weye unajua Mama Espé amefiwa?"

Nikaichukua simu yangu.

"Ndugu yake wa Uvira. Korona. Watu wote wanalia humu ndani tangu jana, weye unamupa nyota."

Nilifuta ujumbe wangu. Mahali pake simu ikaandika kwamba ujumbe huu umefutwa, na hilo likaonekana baya kuliko nyota yenyewe, kama mtu aliyeiba akakimbia.

Nilitegemea Mama agombe. Hakugomba. Aliketi kitandani kwangu, koti likiwa bado mwilini.

"Kwetu mutu akifiwa, unaenda," alisema. "Unavua viatu kwa mulango, unakaa chini. Unasema pole. Kisha unafunga kinywa. Kama kuko maji ya kuchota, unachota. Methali inakuja mwisho kabisa, siku ya kuondoa matanga, tena kwa kinywa ya wazee. Hata pasta anangoja."

"Lakini hatuwezi kwenda," nikasema.

"Ndiyo. Hatuwezi." Ndipo akavua koti.

Minto iko mbali kupita kilomita tano tunazoruhusiwa kutoka nyumbani, na hakuna mama hata mmoja wa kundi letu anayeishi karibu naye. Mama aliagiza unga na samaki, dereva wa duka akaviacha mlangoni kwa Mama Espé, akapiga picha ya mfuko, akaondoka. Ni matanga ya kwanza ninayoyajua ambayo mfiwa amekaa peke yake.

Jumanne nilimpigia, hakupokea. Jumatano nilimpigia mara mbili. Kwenye kundi hakuandika tena, na wengine nao walinyamaza. Hakuna aliyenikemea. Heri wangenikemea.

Nimekuwa nikijiambia kwamba sikujua. Ni kweli, sikujua. Lakini mtu mzima alikuwa akilia kwenye ujumbe wa sauti kumi na mbili mfululizo, na mimi nilikuwa na simu mkononi. Sikusikiliza kwa sababu nilikuwa mwalimu. Nilipenda kuwa mwalimu. Nilipenda mama wa miaka hamsini aningoje nimpe nyota.

Hilo ndilo linalonichosha.

Leo saa kumi alasiri nilijaribu tena. Nilikuwa nimeandika msamaha wangu kwenye karatasi, aya tatu, nimeurekebisha mara mbili. Alipokea. Nikaanza kusoma. Sikufika mbali.

"Weye unasoma?" akauliza.

"Ndiyo, Mama Espé."

"Acha kusoma."

Nikaiweka karatasi chini. Nilisema pole. Kisha nikavua viatu, nikaviweka karibu na mlango wa chumba changu kana kwamba anaviona, nikakaa sakafuni mgongo ukutani. Zulia lilikuwa baridi.

Upande wake nilisikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Nilisikia sufuria. Nilisikia akivuta pumzi ndefu, kisha kitu ambacho hakikuwa kilio hasa, kisha sufuria tena. Helikopta ikapita juu yetu huku.

"Ni nini hiyo?"

"Helikopta ya polisi."

"Muko na ndege nyinyi. Sisi huku tuko na mbwa ya jirani tu."

Karibu nicheke, nikajizuia. Baadaye, sijui ni dakika ngapi, akaniambia kwamba mdogo wake alikuwa fundi baiskeli, na kwamba kila alipomtumia ujumbe wa sauti kutoka Uvira alikuwa akigonga kengele ya baiskeli mwanzoni, ili dada yake ajue ni yeye. Ujumbe wa mwisho haukuwa na kengele. Alikuwa amelala hospitali. Mama Espé alisema hayo taratibu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia.

Methali zote nilizozijua zilikuja kichwani, za lugha tatu, zimepanga mstari kama watoto wa shule. Nilizifungia mlango.

"Uko?" akauliza.

"Niko."

"Unakaa wapi hapo?"

"Chini. Nimevua viatu."

Nilisikia akifunika sufuria.

"Basi kaa," akasema.

Nikakaa. Betri ilipofika asilimia tano nilitambaa hadi sebuleni kuchukua chaja, miguu mitupu, bila kutoa sauti, nikarudi palepale. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia wakati Mama Espé aliposema kwamba chakula chake kimeiva na sasa anataka kula. Hakutaja nyota. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alisema tu, kabla ya kukata, kwamba kesho atapika mapema, saa nne asubuhi.

Nimefungua daftari sasa hivi. Methali ya Ijumaa imeshaandikwa, kwa wino wa bluu, na Kifaransa chake chini. Ni nzuri. Nimeifunika kwa karatasi ya msamaha ambao haukusomwa mpaka mwisho.

Je, ni kweli kwamba hata msiba una kitu unachofaa? Mama Espé bado analitafuta jibu, na si kazi yangu kumharakisha. Kesho saa moja asubuhi kundi halitapata methali. Saa nne nitampigia, na simu itakuwa kwenye chaja tangu mapema. Viatu nimeviacha palepale mlangoni.