Laptopu ya Leila Isizime Leo

Makina, Kibera,
Nairobi.
14 Agosti 2024

Mpendwa kaka Ramzy,

Assalaam aleikum. Kifua chako kinaendeleaje na joto la Doha? Unakula vizuri, ama bado ni mkate na chai tu? Sisi ni wazima, ila roho yangu iko juu juu tangu asubuhi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu iko chumbani na Leila, inampa intaneti. Nasir, jirani yetu anayekuja huko, atapitia barua jioni.

Leila anafanya mtihani wa ile kazi ya kuandika maneno ya video. Ni saa mbili mfululizo. Laptopu ikizima katikati, ameanguka, na hakuna nafasi ya pili. Unajua maana yake. Mdogo wetu akipata mshahara, hutalazimika kutia sahihi mkataba mwingine huko Jumapili.

Ile laptopu uliyomtumia ilikuwa ikichemka mpaka inajizima. Fundi mmoja wa Kawangware aliipaka thermal paste, ule uji unaopakwa juu ya prosesa ili joto litoke. Alitumia ule mweupe wa bei ya chini, usio hata na jina, ukakauka upesi. Nilitamani kwenda kumkaba koo.

Jana tukampelekea Mutiso, fundi wa Kisumu Ndogo. Leila aling'ang'ania ile paste ya metali iliyo kama maji, eti mtandaoni ndiyo inayosifiwa kupoza kuliko zote. Mutiso akakataa.

"Hiyo ikimwagika kwa board, mashine imekufa. Na kesho uko na exam. Chukua hii ya grey, si kali sana lakini haiwezi kukuangusha."

Leila akanuna. Nikamfokea mbele ya watu, na tukachukua ya kijivu.

Mutiso alipofungua feni aliitazama, akainusa. "Kwani nyinyi mnachoma udi ndani ya laptop?"

Kaka, ni Mama! Kila Alhamisi anaifukiza bakhuri ili husuda isiipate zawadi ya mwanawe, kisha anaifunika kwa kawa la chakula moshi usitoke. Feni ilijaa masizi yanayonata, inanukia kama chumba cha bibi harusi. Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikamwonea huruma.

Hata sasa amesimama hapa na chetezo mkononi, anataka kuingia amfukizie Leila baraka. Nimeweka kiti mlangoni na kukikalia. Tunasikiliza feni tu, inavuma, inapanda, inashuka.

Imenyamaza.

Ramzy, siwezi kugusa kitasa.

Leila ametoka mwenyewe. Amemaliza, na laptopu bado inawaka; feni imetulia tu kwa kuwa kazi imeisha! Majibu ni wiki ijayo, na hajui kama amefaulu. Mama ameweka chetezo chini, analia. Anasema yeye hangoji majibu ya mtu: usitie sahihi, urudi nyumbani. Wiki nzima nimebishana naye, lakini kwa hili niko upande wake.

Wasalimie wenzako wa huko, Yasin na mkewe Ruweida. Leila anakusalimu, na Mama anakuombea. Mola akufungulie njia ya kurudi salama.

Dada yako akupendaye,
Batul